Jirani wa Kwanza

Erramun Iribarne alikata roho saa kumi na moja na nusu alfajiri, dirisha likiwa wazi upande wa mazizi, na jambo la kwanza alilofanya mkewe Kattalin lilikuwa kuuzima moto wa jikoni. Alimwaga maji ya birika juu ya makaa, akangoja moshi uishe, akaufunga mlango wa jiko la chuma. Kisha akarudi chumbani, akavuta kiti, akaketi kando ya kitanda na mikono yake magotini hadi jua lilipopanda.

"Nenda kamwite jirani wa kwanza," alimwambia binti yake.

Mayi alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa amekesha siku tatu mfululizo. Alimtazama mama yake aone kama huzuni imemchanganya akili. Lakini macho ya Kattalin yalikuwa makavu na yametulia.

"Mama, jirani wa kwanza ni Harispuru."

"Namjua. Nilikuwa hapa nyumba yake ilipojengwa. Baba yako ndiye aliyembebea mawe."

Mayi alikumbuka. Usiku wa juzi, homa ilipompanda, baba yake alimshika mkono akaung'ang'ania kama anayezama. "Mwite Ganix," alisema. "Hata kama yeye hakuniita. Niahidi." Naye Mayi aliahidi, kwa sababu mtu anayeondoka hanyimwi ahadi. Sasa ahadi yenyewe ilikuwa imesimama mbele yake, maili moja na nusu kwa barabara ya vumbi, ng'ambo ya lango lenye mnyororo.

Nje gari lilinguruma likasimama. Peyo, kaka yake, aliingia na kofia kichwani, akakumbuka, akaivua. Alikuwa ametoka bila kumwambia mtu mara tu baba alipovuta pumzi ya mwisho.

"Nimengoja mpaka ofisi yao ifunguliwe. Gari la maiti litafika saa tisa mchana," alisema. "Mapema zaidi hawawezi, wana mazishi mengine. Na kwa joto hili, Mama, kesho haingojeki."

"Simu umepigia wapi?"

"Kwa Hatch. Kwani nani mwingine ana simu huku?"

Kattalin alifumba macho. "Umemwambia Hatch kabla ya jirani wa kwanza."

"Nimemwambia mwenye simu, Mama. Halafu Hatch yuko karibu kuliko wote. Kama ni ujirani, yeye ndiye wa kwanza. Pima kwa hatua ukitaka."

"Haupimwi kwa hatua. Hatch yuko machweo. Kanisa liko mawio. Jirani wa kwanza ni nyumba ya kwanza unayoipita ukienda kanisani. Ndivyo ilivyo kwetu Baigorri, ndivyo ilivyo hapa Nevada. Maiti haitoki nyumbani kwa kurudi nyuma."

"Basi na itoke yenyewe," alisema Peyo. "Yule mtu akikanyaga ua huu, mimi namtoa kwa mikono hii."

"Kwa mikono hiyo hutamgusa baba yako pia," mama yake alijibu bila kupandisha sauti. "Hakuna wa nyumba hii atakayemwosha, wala kumvika, wala kuwasha moto. Hiyo ni kazi ya Harispuru. Na gari hilo likimchukua Erramun hakuna mtu aliyetangulia na msalaba, mimi silifuati. Ataondoka kama mtu aliyeokotwa barabarani, na mimi nitabaki kwenye kiti hiki."

Peyo alitoka nje. Mlango aliuacha ukijibamiza.

Mayi alivaa gauni jeusi la shule, lile alilolivaa alipohitimu ualimu kule Reno, akafunga nywele. Alipouchukua ufunguo wa gari, mama yake alitikisa kichwa. Neno la kifo halipandi gari. Hupelekwa kwa miguu.

*

Saa tatu asubuhi jua lilikuwa tayari limeanza kuuma. Barabara ilipita kati ya vichaka vya kijivu, moja kwa moja hadi macho yachoke, na upande wa kushoto ulikwenda uzio wa waya wa Harispuru. Katikati ya njia lilikuwako lango la chemchemi. Mayi alipolifikia aliharakisha hatua, kama alivyofanya kila alipopita hapo tangu akiwa na miaka kumi na mitano.

Mwaka wa 1952 mvua iligoma. Chemchemi ilikuwa kwenye ardhi ya Harispuru, lakini nyumba zote mbili zilikunywa kwake kwa sababu zilikuwa nyumba za Wabaski wa bonde moja, Baigorri, waliovuka bahari kwa meli moja. Mwezi wa Julai maji yalipungua yakawa kama uzi. Harispuru alifunga lango kwa mnyororo ili kondoo wake wapone, akasema ni kwa wiki moja tu. Kondoo wa Iribarne hawakujua habari ya wiki. Walikuja wakajibana langoni, waliokuwa nyuma wakiwasukuma wa mbele, na wakafia pale mia na arobaini na watatu. Peyo, kijana wa miaka kumi na saba, ndiye aliyewaburuta mmoja mmoja kwa siku mbili. Wazee wawili walipigana ngumi kanisani, mbele ya padri. Mnyororo haukutoka tena. Tangu siku hiyo Peyo aliteka maji mtoni kwa tangi, maili kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi, kila siku iliyopambazuka.

Yote hayo Mayi aliyajua. La pili alilisikia tu, maana wakati ule alikuwa Reno. Miaka minne iliyopita, katika majira ya baridi, mke wa Harispuru, Maddalen, alifariki. Erramun alipata habari kutoka kwa padri, wiki moja baada ya maziko. Mama alisimulia kwamba Baba alirudi nyumbani akakaa mezani na buti zake hadi jioni, akasema neno moja tu: hakuniita.

Mbwa mweusi alimwona mbali akaanza kubweka. Mayi alisimama nje ya lango la nyumba.

Ganix Harispuru alikuwa chini ya kivuli cha banda, kondoo kamlaza chali katikati ya mapaja yake, akimpunguza kwato kwa kisu kifupi. Mtu mnene wa mabega, masikio makubwa, nywele zimebaki pembeni tu.

"Bwana Harispuru," aliita Mayi.

Hakuinua kichwa. "Zamani ulikuwa ukiniita mjomba."

"Zamani hakukuwa na mnyororo."

Kisu kilisimama. "Ulimi huo ni wa Kattalin," alisema, na kisu kikaendelea.

Maneno Mayi alikuwa ameyarudia njia nzima. "Nimetumwa na nyumba yetu. Erramun Iribarne amefariki leo alfajiri. Nyumba yake inamwita jirani wake wa kwanza."

Harispuru alimaliza ukwato wa tatu. Akafanya na wa nne. Kisha akamwachia kondoo, naye akainuka akajitikisa akakimbia. Mzee alifuta kisu kwenye suruali yake, taratibu, upande mmoja na upande wa pili.

"Saa kumi na mbili niliona vumbi la gari la kaka yako," alisema. "Nikajua. Nikaingia ndani nikanyoa ndevu. Halafu nikaona vumbi linakwenda kwa Hatch."

"Alifuata simu. Kosa ni letu, naomba radhi. Sisi tumezaliwa huku, mambo mengine hatuyajui vizuri."

"Kaka yako anayajua."

"Hayajui. Alidhani jirani wa kwanza ni aliye karibu."

"Anayajua," Harispuru alirudia, akaja hadi langoni. Walitenganishwa na mbao tatu. Mayi aliona jeraha dogo la wembe kwenye kidevu chake, damu imekauka. "Maddalen aliponitoka, nilivaa koti. Nilitembea barabara hii hii, theluji ikiwa hapa." Aligusa goti. "Baada ya mnyororo, baada ya ngumi, baada ya yote. Nilijiambia, Ganix, maji ni maji na kifo ni kifo. Nikasimama langoni kwenu, nikavua kofia, nikayasema maneno hayo uliyoyasema wewe. Nikarudi nikangoja. Siku mbili, Mayi. Padri aliniambia tumzike, nikamwambia barabara haipitiki. Barabara ilikuwa inapitika."

Mzee aligusa jeraha la kidevu chake.

"Msalaba niliubeba mwenyewe. Umeshaona mume akitembea mbele ya jeneza la mke wake na msalaba mkononi, kama hana mtu duniani? Watu walikuwa wanaangalia viatu vyao. Na sasa Erramun ananiita mimi."

"Baba hakupata neno lako."

"Usiseme hivyo."

"Hakulipata. Alisema hukumwita. Juzi usiku, homa ikiwa imempanda, alisema, mwite Ganix hata kama yeye hakuniita. Ameondoka akiamini hivyo."

Harispuru alitafuta kitu cha kukalia. Alilipata pipa lililopinduliwa, akajishusha juu yake kama mtu mwenye umri maradufu. Mbwa alikuja akalaza kichwa kwenye buti lake.

"Erramun alisema hivyo," alisema polepole.

"Ulimwambia nani siku ile, pale langoni?"

Mzee alimtazama. Mayi aliona jina limemfika mdomoni, akaona akilirudisha.

"Neno nililipeleka kwa nyumba," alisema. "Sikulipeleka kwa mtu. Kaulize nyumba yako."

Hakuhitaji kuuliza. Mama asiyetoka jikoni. Baba aliyekuwa na maumivu ya mgongo kila majira ya baridi. Langoni alikuwako mmoja tu, mwenye tangi la maji.

"Utakuja?" aliuliza.

"Nenda nyumbani, Mayi."

"Gari linamfuata saa tisa. Mama amesema bila wewe hatalifuata."

"Nimekusikia."

Aligeuka akaingia bandani, akamkamata kondoo mwingine.

*

Peyo alikuwa zizini, mpira wa maji mkononi, akijaza vihori kutoka kwenye tangi. Kondoo walikuwa wamemzonga. Yule mkubwa mwenye kengele, kiongozi wao, alikuwa akinywa na kengele ikigonga ukingo wa kihori kila alipoinamisha shingo.

"Amekataa, sivyo?" alisema Peyo. "Nilijua. Umejichomesha jua bure."

"Majira ya baridi, miaka minne iliyopita," alisema Mayi. "Harispuru alisimama langoni hapa akavua kofia. Alimwambia nani?"

Maji yaliendelea kutoka. Kihori kilijaa, yakafurika, yakaanza kumwagikia kwenye buti za Peyo, yeye ambaye hakuwahi kumwaga hata kikombe cha maji yale.

"Peyo."

Alifunga bomba. "Nilikusudia kumwambia jioni."

"Na jioni?"

"Jioni Baba alikuwa anacheka." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hakumtazama. "Wewe hukuwapo. Mama alikuwa amepika maharage na mfupa wa nguruwe, na Baba akawa anasimulia ile habari yake ya padri na nyumbu. Tangu ukame alikuwa hajacheka hivyo. Nikasema, kesho asubuhi. Asubuhi nikaenda kuteka maji. Njiani nikapita lile lango. Unajua mimi naliona kila siku, Mayi? Mara mbili. Naenda naliona, narudi naliona. Nikajisemea, mwache na yeye angoje kidogo. Ajue kungoja langoni kunavyokuwa."

"Kidogo."

"Ndiyo, kidogo. Siku moja. Sikujua kwamba... Siku zilipita tu. Halafu Baba akarudi kutoka kanisani akakaa na buti zake."

"Na ulimsikia akisema hakuniita."

"Nilimsikia."

"Miaka minne, kila mlo, meza moja."

"Ulitaka nimwambieje?" Sasa alimgeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kila siku ilivyopita ilikuwa ngumu kuliko ya jana. Wewe ulikuwa Reno unajifunza kufundisha watoto nyimbo. Mimi nilikuwa hapa nabeba maji."

Mayi alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia, na kwa kuwa hakujua lipi lianze, alisimama tu. Hapo ndipo walipomwona mama yao. Alikuwa ameegemea mbao za zizi, upande wa kivuli, na haikujulikana amekuwa pale kwa muda gani.

Kattalin alimtazama mwanawe. Kengele iligonga kihori mara moja, mara mbili.

"Peyo," alisema. "Vaa koti."

"Mama, mimi..."

"La baba yako liko nyuma ya mlango. Lako halina vifungo."

"Akinifukuza?"

"Utasimama."

"Akinipiga?"

"Utakuwa umepigwa."

Peyo alijifuta uso kwa mkono uliolowa. Alitazama gari lake, kisha barabara.

"Kwa miguu," alisema mama yake.

*

Gari la maiti lilifika saa nane na robo, dakika arobaini na tano kabla ya wakati. Mayi alisikia muungurumo akaomba liwe gari jingine, lakini lilikuwa lenyewe, refu, jeusi, limepakwa vumbi hadi kwenye vioo. Walishuka wanaume wawili wenye suti. Mkubwa wao, Bwana Prentiss, alivua kofia akatoa pole. Mwenzake alianza kushusha machela.

Kattalin aliingia ndani akatoka na kiti. Alikiweka katikati ya mlango akakikalia.

Bwana Prentiss alimtazama Mayi.

"Tunamngoja mtu," Mayi alieleza kwa Kiingereza. "Jirani. Akishafika mtamchukua."

"Nimewahi kwa sababu ya joto, bibie. Nadhani unanielewa."

"Nakuelewa."

"Mtu huyo anakuja saa ngapi?"

Mayi alitazama barabara. Peyo alikuwa ameondoka saa tano na nusu. Hakuna mwendo wa maili moja na nusu unaochukua karibu saa tatu nzima kwenda na kurudi. Labda mzee alimfungulia mbwa. Labda Peyo hakufika kabisa, amekaa kwenye vichaka na koti la baba yake. Au wamefika kwenye lango la chemchemi wakakumbuka.

"Hivi karibuni," alisema.

Walingoja. Wanaume walisimama kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta, wakihama taratibu kivuli kilivyohama. Jikoni kulikuwa kimya na baridi, hakuna hata kikombe cha kahawa cha kuwapa. Nzi walianza kukusanyika kwenye wavu wa dirisha la chumbani, na Mayi alikwenda kuwafukuza kwa kitambaa. Aliogopa kumtazama baba yake, kisha akamtazama. Alionekana kama mtu anayesikiliza.

Saa tisa na dakika kumi Bwana Prentiss alisafisha koo.

"Bibie, nina familia nyingine inaningoja mjini. Mwambie mama yako naheshimu desturi zenu, kweli. Lakini lazima tumchukue sasa."

Mayi alitafsiri. Kattalin hakusogea. Mwenzake Prentiss alisogea na machela hadi ukingo wake ukakaribia magoti ya mama, na Prentiss akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti, kwa upole, kama anayetaka kumsaidia mzee kuinuka.

Mayi alijipenyeza katikati yao.

"Bwana," alisema. "Baba yangu ameishi nchi hii miaka thelathini na nne. Alikuja hajui neno moja la lugha yenu, akalala milimani na kondoo miaka saba, na hakuwahi kumwomba mtu kitu. Leo anaomba nusu saa. Ukiniambia hapana, nitalihamisha kochi la ndani nililete hapa mlangoni nikae na mimi."

Prentiss alimtazama, akatazama machela. Akatoa mkono kwenye kiti. "Nusu saa," alisema. "Isizidi."

Dakika ishirini zilipita. Kisha mwenzake Prentiss, aliyekuwa amesimama juu ya kidato cha gari apate upepo, alinyoosha kidole.

Barabarani kulikuwa na watu wawili. Wa mbele alikuwa mnene wa mabega, amevaa koti jeusi na kofia bapa nyeusi, na mkononi kashika kitu kirefu kilichofungwa kitambaa. Wa nyuma alifuata kwa umbali wa hatua thelathini, kichwa wazi juani, koti limempwaya. Hawakuongea. Hawakuharakisha. Mayi aliwatazama wakipita lango la chemchemi, wa kwanza, kisha wa pili, na hakuna aliyesimama.

Harispuru aliingia uani. Hakumsalimu Kattalin, hakumtazama Prentiss. Alipita moja kwa moja hadi zizini, akafungua mlango, akagonga mbao za zizi kwa ngumi mara tatu. Kondoo waliokuwa wamelala kivulini waliinua vichwa.

"Simameni," aliwaambia kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya mtu anayeongea na watu. "Erramun amekufa. Bwana wenu amekufa. Simameni."

Wakasimama. Pengine ni ngumi iliyowaamsha, lakini walisimama wote, hata wana-kondoo. Harispuru alimwendea yule kiongozi, akamshika shingo chini ya mkono, akalegeza mkanda wa ngozi. Kengele ilitoka ikalia mara moja. Alimpa Peyo bila kumtazama, na Peyo akaingiza kidole ndani akaukamata ulimi wake wa chuma.

Ukimya ulioingia uani Mayi hakuwahi kuusikia maishani mwake. Tangu azaliwe, kengele ile au nyingine kama ile ilikuwa ikilia mahali fulani.

Kattalin alikiondoa kiti mlangoni.

Ndani, Harispuru aliweka msalaba ukutani akaenda jikoni. Kuwasha moto wa msiba ilikuwa kazi ya mke wa jirani, na jirani huyu hakuwa na mke. Alipiga magoti mbele ya jiko akapanga vijiti, akapuliza. Moshi ulimrudia usoni. Akapuliza tena, akakohoa, macho yakamtoka machozi ambayo huenda yalikuwa ya moshi.

"Umesahau kufungua njia ya moshi," alisema Kattalin. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake baada ya miaka tisa.

"Mambo haya alikuwa akiyajua Maddalen."

"Najua." Hakumsaidia, kwa kuwa haikuruhusiwa, lakini alimwonyesha kwa kidole. "Chuma hicho. Kivute kwako. Hapana, kwako."

Mlangoni, Mayi alimsogelea kaka yake. Uso wa Peyo ulikuwa umeiva kwa jua, midomo imepasuka. "Ilikuwaje?" alinong'ona.

"Alinisimamisha langoni. Sijui muda gani. Alimaliza kwato za kondoo wote waliokuwa bandani. Halafu akaja akaniambia, sema. Nikasema yote, kuanzia siku ile. Akaniambia rudia. Nikarudia. Kisha akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kuchukua bunduki. Alikuwa anatafuta koti."

Kahawa ilikuwa nyeusi kama lami. Kattalin alikunywa, Prentiss akanywa bila kulalamika. Harispuru akaingia chumbani na beseni la maji ya moto, akafunga mlango. Walimsikia akiongea mle ndani, kwa sauti ya chini, muda mrefu, na wakati mmoja alicheka. Hakuna aliyeuliza alichokuwa akimwambia Erramun, na Prentiss hakutazama saa yake tena.

Alipotoka alimkabili Kattalin.

"Habari ya maji tutaizungumza Jumatatu," alisema.

"Jumatatu," alijibu Kattalin. "Uje na ufunguo, tupate cha kuzungumza."

Kitu kilichezacheza kwenye mdomo wa mzee, kikapotea. Akafungua kitambaa, akauinua msalaba wa mbao, akatoka nao barabarani upande wa mawio. Gari jeusi lilimfuata kwa mwendo wa miguu, na nyuma yake Kattalin kamshika Mayi mkono, na Peyo mwisho.

Walipofika kwenye lango la chemchemi, mnyororo ulikuwa ungali pale, umepata kutu, kufuli likining'inia. Harispuru alipita. Mayi aligeuka kumtazama kaka yake. Peyo alikuwa akiliangalia lango, taya zimekaza, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti la baba, na hatua yake haikupungua. Mfukoni mle ilikuwamo kengele. Njia nzima Mayi aliitegea sikio, na njia nzima haikulia.

Prentiss alitoa kichwa dirishani. "Bibie, kanisa liko maili kumi na sita. Huyu bwana anatembea mpaka wapi?"

Mayi alimkimbilia Harispuru akamuuliza. "Mjomba," alimwita, na neno likatoka lenyewe.

Mzee hakugeuka. Msalaba ulikuwa umesimama wima mbele ya kifua chake.

"Mpaka kwangu kwa miguu," alisema. "Kutoka pale nitapanda gari la kaka yako, kama atakwenda kulileta. Msalaba nitautoa dirishani. Mwambie aendeshe polepole."